Paul Bomani: Kutoka mizani ya pamba hadi Hazina

ANAYEFIKA Kharumwa leo, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, hukuta mazungumzo mengi yakielekea kwenye dhahabu. Upande mmoja uko mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na upande mwingine uko Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001. Kati ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo na mashimo yao.

Katika ukanda huo jina la Bomani lilivuma upya mwaka 2007, Rais Jakaya Kikwete alipomteua Jaji Mark Bomani kuongoza kamati ya kupitia sera na mikataba ya madini. Kazi ya kamati hiyo ilisaidia kuzaa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Swali lililokuwa mezani lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mali inatoka katika ardhi hii, lakini nani anaipima, na kinachobaki kwa mwenye ardhi ni kiasi gani?

Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, swali hilo hilo liliulizwa na kaka yake, Paul Bomani. Mali iliyobishaniwa wakati ule ilikuwa pamba, na jibu alilolitoa lilimpandisha kutoka magulio ya Usukuma hadi kwenye kiti cha Waziri wa Fedha. Wakulima wale wale waliomwinua ndio pia waliomwangusha.

Paul Bomani alizaliwa Januari 1, 1925, Ikizu, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Baba yake, Lazaro Bomani, alikuwa Msukuma na mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na ndiyo sababu mtoto wa Kisukuma alizaliwa mbali na Usukuma. Alisoma katika shule za kanisa hilo, Nassa na kisha Ikizu, ambako alipata mafunzo ya ualimu.

Hata hivyo, hakudumu katika ualimu. Mwaka 1945, vita vikiwa vinamalizika, alipata kazi Mwadui, Shinyanga, katika kampuni ya almasi ya Mkanada John Williamson, aliyegundua almasi hapo mwaka 1940. Bomani alikuwa karani wa hesabu. Kwa kijana wa miaka 20 hiyo ilikuwa shule ya namna yake, kwa kuwa aliona jinsi utajiri unaochimbwa na mikono ya Waafrika unavyoandikwa katika vitabu visivyo vya kwao.

Mwaka 1947 aliondoka Mwadui akahamia Mwanza, akawa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Wakati huo biashara ya jumla na ya rejareja katika Jimbo la Ziwa ilikuwa mikononi mwa Waasia, na Mwafrika mwenye duka alikuwa akihangaika kupata bidhaa. Hapo ndipo Bomani alipojifunza kazi ya ushirika, na hapo pia ndipo alipoanza kuwasikiliza wakulima wa pamba.

Malalamiko yao yalihusu mizani. Mkulima wa Geita, Kwimba, Maswa au Shinyanga alilima, akapalilia, akachuma na kuchambua pamba yake safi na chafu kwa mkono, kisha akaibeba kichwani au kwa baiskeli hadi kituo cha kununulia. Huko alimkuta mnunuzi wa mwenye kiwanda, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika. Wakulima wengi hawakujua kusoma. Ratili kadhaa zilipotea katika kila mzigo, na fedha za ratili hizo zilikwenda mfukoni mwa mwingine.

Serikali ya kikoloni ilipanga bei na kuweka masharti ya ununuzi, lakini bei iliyopangwa haina maana kama uzito ni wa uongo. Jambo hilo wakulima walilielewa kabla ya watawala wao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 walianza kuchangishana senti na kuwaajiri vijana wanaojua kusoma ili wasimame kituoni na kupima pamba upya, pembeni ya mizani ya mnunuzi. Ilikuwa hatua ndogo, lakini kwa mara ya kwanza mkulima alijua ana ratili ngapi kabla ya kuambiwa.

Bomani aliona kwamba kupima pekee hakutoshi. Mkulima aliyejua uzito wake bado alilazimika kumuuzia mtu yule yule. Alikwenda Uganda kuangalia jinsi wakulima wa pamba wa huko walivyojipanga, akarudi na wazo la vyama vya msingi vitakavyonunua pamba ya wanachama wao wenyewe, kisha viungane kuwa na nguvu ya kumiliki hata viwanda vya kuchambulia.

Mwaka 1952 aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa pia kiongozi wa Umoja wa Wasukuma na wa tawi la jimbo la Tanganyika African Association. Alizunguka vijijini, wakati mwingi katika barabara zisizopitika masika, akieleza jambo moja kwa subira. Serikali ilisitasita, kisha ikakubali kuviandikisha vyama hivyo. Huenda iliona afadhali watu wakusanyike kuhusu pamba kuliko kuhusu siasa, ingawa Usukuma wa wakati huo haikuwa rahisi kuvitenganisha viwili hivyo.

Kati ya 1953 na 1954 Bomani alikuwa Uingereza, akisoma katika Chuo cha Ushirika karibu na Loughborough. Julai 7, 1954, TANU ilipozaliwa Dar es Salaam, jina lake halikuwamo miongoni mwa waasisi 17. Pengo hilo halikumzuia kuwa mmoja wa nguzo za chama hicho Kanda ya Ziwa baadaye.

Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya jimbo viliungana na kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Bomani akawa meneja mkuu wake akiwa na umri wa miaka 30. Kilichofuata ni moja ya habari za kushangaza katika historia ya uchumi wa Afrika Mashariki. Mamia ya vyama vya msingi vilisimama, kila kimoja na mizani yake, karani wake na kamati yake. Makato madogo katika kila ratili yalikusanywa yakawa mtaji, na mtaji ukanunua na kujenga viwanda. Kiwanda cha Kasamwa, wilayani Geita, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kumilikiwa na ushirika huo.

Kufikia uhuru, pamba karibu yote ya jimbo ilipitia mikononi mwa shirikisho hilo, ambalo lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko vyama vyote vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika barani. Nalo halikujengwa kwa msaada wa wafadhili. Lilijengwa kwa senti za wakulima ambao wengi wao walitia sahihi kwa dole gumba.

Siasa nayo haikukaa mbali. Serikali ilikataa kuyaandikisha matawi ya TANU Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na kwa miaka hiyo ushirika ukabaki kuwa mahali pekee ambapo wananchi wangeweza kukutana kwa maelfu bila kuvunja sheria. Mwaka 1958 Geita ililipuka. Watu walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi walilolazimishiwa, wakaandamana hadi Mwanza, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Baraza lile likafa, na TANU ikaruhusiwa tena.

Nafasi ya Bomani wakati huo ilikuwa nyembamba. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na meneja wa mali ya mamilioni ya shilingi za wakulima, mali ambayo serikali ingeweza kuikaba. Hakuwa mtu wa kuwasha moto. Wapo waliomwona mwoga, lakini kiongozi anayetunza fedha za watu maskini ana sababu ya kuchagua vita vyake.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 aliingia barazani kwa tiketi ya TANU, na Septemba 1960 Julius Nyerere alipounda serikali ya madaraka alimteua Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Wizara ya Fedha ilibaki kwa Sir Ernest Vasey, Mwingereza aliyewahi kushika kazi hiyo Kenya. Ilionekana kuwa fedha ni jambo ambalo Mwafrika angelikabidhiwa mwisho.

Mwisho huo ulifika mapema. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu na Rashidi Kawawa kushika nafasi yake, Vasey aliondoka na Bomani akawa Waziri wa Fedha. Alikuwa na miaka 37, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuishika Hazina ya Tanganyika.

Alichokirithi kilikuwa kidogo. Nchi ilitegemea mkonge, pamba na kahawa, na bei za mazao yote matatu zilipangwa ng'ambo. Benki kubwa zilikuwa za kigeni. Sarafu ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919 na kuhamia Nairobi kutoka London mwaka 1960. Waziri wa Fedha wa nchi huru hakuwa na benki kuu, wala mamlaka juu ya fedha yenyewe. Alikuwa na kodi, mikopo na kibuli cha kuzunguka nacho.

Septemba 1962 Tanganyika ilijiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Katika miaka hiyo pia ziliundwa taasisi za kwanza za kukopesha maendeleo, ikiwamo benki ya ushirika, jambo lililobeba alama ya mtu aliyetoka magulioni. Januari 1964 askari waliasi wakidai, pamoja na mengine, mishahara bora, na Aprili 26 mwaka huo Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kila tukio kati ya hayo liliishia kwenye dawati la Hazina likiwa na gharama zake.

Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza Julai 1964, ulitarajia zaidi ya robo tatu ya fedha za maendeleo za serikali kuu zitoke nje ya nchi. Ni tarakimu ya kutisha kwa nchi iliyojiita huru. Mwaka uliofuata bei ya mkonge ilianguka, Ujerumani Magharibi ilikatisha sehemu ya misaada yake kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, na Desemba 1965 uhusiano na Uingereza ulivunjika kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Jambo kubwa kuliko yote katika uwaziri wake lilikuwa sarafu. Mwaka 1963 Erwin Blumenthal, mtaalamu kutoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi, aliwasilisha ripoti iliyopendekeza benki kuu ya pamoja ya Afrika Mashariki yenye benki za nchi chini yake. Pendekezo hilo lilihitaji shirikisho la kisiasa. Nyerere alikuwa amelitaka shirikisho hilo kiasi cha kuwa tayari kuchelewesha uhuru wa nchi yake, lakini halikuja.

Juni 10, 1965, mawaziri wa fedha wa nchi tatu walitangaza katika mabunge yao kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu na sarafu yake. Kwa Tanzania, aliyetangaza alikuwa Bomani. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa Desemba mwaka huo, na benki ikafungua milango Juni 14, 1966, chini ya Gavana Edwin Mtei. Noti mpya za shilingi 5, 10, 20 na 100 zikaingia mikononi mwa watu. Waziri wa Fedha kwa wakati huo alikuwa Amir Jamal. Bomani, aliyeitangaza shilingi ya Tanzania, hakuwapo Hazina ilipotoka.

Kati ya tangazo lile na noti zile ulipita uchaguzi wa Septemba 1965.

Huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika kila jimbo TANU iliruhusu wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakachagua. Watu wengi nje ya nchi waliudhania kuwa igizo. Matokeo yalipotoka, mawaziri wawili na manaibu kadhaa walikuwa wameanguka, na jina kubwa kuliko yote miongoni mwa walioshindwa lilikuwa la Waziri wa Fedha, tena nyumbani kwao Kanda ya Ziwa.

Sababu zake zinasomeka katika pamba. Mavuno yalikuwa yameongezeka mara kadhaa tangu mwanzo wa miaka ya 1950, lakini bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ikishuka. Katikati ya bei ya dunia na mkono wa mkulima yalijipanga makato: ushuru wa serikali, gharama za bodi, mchango wa chama cha msingi, wa muungano wa wilaya, wa shirikisho. Mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta yaliwaachia baadhi ya wakulima madeni. Vyamani kulikuwa na makarani walioiba, na kamati zilizoajiri ndugu zao.

Na mizani ikarudi kuwa malalamiko. Safari hii mwenye kuishika hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa kijijini aliyeajiriwa na chama cha wakulima wenyewe. Bomani alikuwa ameondoka kwenye shirikisho tangu 1960 na wizi wa gulioni haukuwa wake. Lakini mpiga kura hakuwa na sababu ya kumtenganisha mwasisi wa ushirika na Waziri wa Fedha. Machoni pake, mtu mmoja alikuwa amesimama pande zote mbili za mizani. Ni vigumu kusema kwamba mkulima yule alikosea kabisa. Ni vigumu vilevile kusahau kwamba uwezo wake wa kuhoji hesabu ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya mtu aliyemwangusha.

Tume maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilithibitisha mengi kati ya malalamiko hayo. Serikali ikaliweka Shirikisho la Victoria chini ya usimamizi wake, na baada ya muda mfupi likavunjwa, vyama vyake vikaunganishwa kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Kazi ya miaka 10 ya ujana wa Bomani ilipotea kwa jina ikiwa bado haijazeeka.

Nyerere hakumwacha. Katiba ilimpa Rais nafasi 10 za kuteua wabunge, na kwa njia hiyo Bomani akarejea bungeni na katika Baraza la Mawaziri, akishika Wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo huku Jamal akienda Fedha. Alikuwa katika wadhifa huo Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 na benki kutaifishwa. Baadaye alishika pia biashara na viwanda.

Mwaka 1972 alipelekwa Marekani kuwa balozi, na akakaa Washington kwa zaidi ya miaka 10. Kwa mwanasiasa aliyeshindwa nyumbani ubalozi huweza kuwa njia ya kusahauliwa, lakini kituo hicho hakikuwa cha mapumziko. Ndicho kipindi cha mgogoro wa mafuta, cha ziara ya Henry Kissinger Dar es Salaam mwaka 1976 kuhusu Rhodesia, cha Nyerere kukutana na Rais Jimmy Carter mwaka 1977, na cha vita dhidi ya Idi Amin. Mtu aliyezoea kumweleza mkulima jambo moja mara mia hakukosa kazi katika jiji lile.

Akiwa huko, Mei 1976, serikali yake ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Ununuzi wa mazao ukaachiwa vijiji na mamlaka za mazao, ya pamba ikiwamo. Mkulima wa Geita na Shinyanga alirudi kuuza kwa mnunuzi mmoja asiyemchagua, na malipo yakawa ya kusubiri. Makosa ya ushirika yalikuwa halisi, lakini dawa iliyotolewa ilimwondolea mgonjwa kiungo kizima. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo, Nyanza upande wa Mwanza na chama kipya cha SHIRECU upande wa Shinyanga, ingawa havikupata tena nguvu iliyokuwapo katika miaka ya 1950.

Bomani alirejea nyumbani mwaka 1983 na kushika tena nyadhifa za uwaziri katika miaka migumu ya mageuzi ya uchumi. Mwaka 1993 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiti ambacho kabla yake kilikaliwa na marais. Kijana aliyeanza kama karani wa Mwadui bila shahada akawa ndiye anayewatunuku wengine shahada, mahafali baada ya mahafali, kwa miaka 12.

Alifariki dunia Aprili 1, 2005, miezi mitatu baada ya kutimiza miaka 80, akiwa bado Mkuu wa Chuo. Nafasi yake ilichukuliwa na Balozi Fulgence Kazaura. Mdogo wake, Mark, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Tanzania, alikabidhiwa mikataba ya dhahabu miaka miwili baadaye, naye akafariki mwaka 2020.